Daawa Laki Moja Mbele ya Jaji Mmoja

Yako maradhi ambayo mwanamke huyabeba miaka mingi bila ya kumwambia hata dada yake wa tumbo moja, na miongoni mwayo ni kushuka kwa kizazi na kushindwa kuzuia mkojo, mambo yanayomjia aghalabu baada ya kuzaa, yakamfanya aogope kucheka mbele za watu, aogope safari ndefu, na atafute pa kukaa karibu na mlango kila aalikwapo arusini. Wanawake wa Marekani nao waliyajua hayo, na mwishoni mwa karne iliyopita matabibu wao waliwabashiria kwamba ufumbuzi umepatikana: wavu mwembamba wa plastiki iitwayo polipropilini, utakaotiwa ndani ya mwili ushikilie kilicholegea, wala usitolewe tena. Wengi walipata nafuu. Lakini kwa maelfu ya wengine wavu ule ulinywea na kukakamaa, ukaila nyama iliyouzunguka hata ukachomoza, ukawaachia maumivu yasiyokatika na unyumba ulioharibika. Na kuutoa ni kazi ngumu, kwani nyama huota kupitia matundu yake na kuugandama kama tope lishikavyo mizizi ya mkoko.

Katika lugha yetu dawa na daawa hutengwa na irabu moja tu, na wanawake hawa, walioingia hospitalini kwa ajili ya ile ya kwanza, walijikuta mahakamani kwa ajili ya hii ya pili. Mashauri yao yalipita 100,000. Yaligawanywa mafungu saba kwa kufuata watengenezaji wa nyavu, wakiwamo C. R. Bard, Boston Scientific na Ethicon iliyo ya Johnson & Johnson, na mafungu yote saba, la kwanza lao mwaka 2010, yakapelekwa kwa jaji mmoja, Joseph R. Goodwin, katika mji wa Charleston, makao makuu ya West Virginia, jimbo la milima na machimbo ya makaa ya mawe.

Desturi hii ya kukusanya mashauri yaliyotawanyika ina asili yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 makampuni ya Marekani yaliyotengeneza mitambo ya umeme yaligunduliwa kuwa yamekula njama juu ya bei, na wateja waliodhulumiwa wakafungua daawa zaidi ya 1,800 katika mahakama zaidi ya 30, hata majaji wakaona kwamba shahidi yule yule ataitwa kila mji kuulizwa maswali yale yale, na kwamba maisha yake yote hayatatosha. Mwaka 1968 ikatungwa sheria iliyoweka jopo la majaji saba, wateuliwa wa Jaji Mkuu, wasiotoka wawili katika eneo moja la rufani, na ambao wanne kati yao wakikubaliana wanaweza kuhamisha mashauri yenye jambo la pamoja hadi kwa jaji mmoja. Lakini uhamisho huo una mpaka. Jaji hupewa mashauri hayo kwa ajili ya matayarisho tu: kukusanya nyaraka, kuhoji mashahidi, kupima hoja za wataalamu; na matayarisho yakiisha, kila shauri ambalo halijamalizwa hurudishwa lilikotoka likasikilizwe huko. Mwaka 1998 Mahakama Kuu ya nchi ile iliamua kwamba jaji aliyepelekewa mashauri hana ruhusa ya kujibakizia hata moja alihukumu mwenyewe, kwa kuwa sheria inasema lazima lirudishwe.

Nami nakiri kwamba matayarisho ya pamoja ni rehema. Fikiri mwanamke wa mji mdogo, mwenye wakili mmoja na akiba isiyofika mbali, akisimama peke yake mbele ya kampuni yenye maghala ya nyaraka. Atajuaje aulize nini? Katika mashauri dhidi ya Boston Scientific ulitokea waraka wa usalama uliotoka kwa mtengenezaji wa malighafi yenyewe ya polipropilini, ulioonya kwamba plastiki ile isitumiwe kwa kitu kitakachokaa daima ndani ya mwili wa binadamu. Karatasi ya namna hiyo ikiibuliwa na mmoja huwafaa wote, na asingekuwapo wa kuwakusanya, huenda kila mdai angeitafuta peke yake na wengi wasiione. Kadhalika habari ya vibali: wavu wa kwanza wa kutibu mkojo usiozuilika, ProteGen, uliruhusiwa mwaka 1996 ukaondolewa sokoni mwaka 1999, ilhali nyavu zilizofuata zilipata idhini kwa kuthibitisha kwamba zinafanana na hizo zilizotangulia, ukiwamo huo ulioondolewa. Hilo ni jambo la mwenendo wa mdaiwa. Halibadiliki kwa kubadilika mwili wa mdai, na kulithibitisha mara laki moja ni kuwachosha mashahidi na kuwafilisi wanyonge.

Tena iko faida isiyoandikwa katika sheria. Mwanamke aliyedhani kwamba taabu yake imetokana na kasoro ya mwili wake mwenyewe, na ambaye pengine tabibu alimwambia kwamba anajidhania tu, alipata kujua kwamba wako wenziwe laki moja.

Mawakili wa Marekani huyaita mashauri machache yatanguliayo kusikilizwa kwa jina la kondoo mwenye kengele shingoni, anayefuatwa na kundi. Novemba 2014, katika Charleston na katika Miami, wanawake wanne wanne waliowekewa, katika kila kundi, wavu wa aina moja wa Boston Scientific walisikilizwa pamoja mbele ya juri, yaani raia walioteuliwa kuamua; wa Charleston wakapewa takriban dola milioni 18.5 na wa Miami milioni 26.7. Kampuni ilikata rufani ikidai kwamba kuwaona wanne kwa pamoja kuliwapotosha wale raia wakaamini kwamba wavu ni mbovu kwa sababu tu walalamikaji ni wengi. Mahakama mbili za rufani zilikataa hoja hiyo, na naona zilikataa kwa insafu, kwani kila mwanamke alitoa ushuhuda wake na kila mmoja alitamkiwa fidia yake peke yake. Wanne wanaonekana nyuso.

Laki moja hawaonekani. Ndipo hofu yangu inapoanza. Katika mkusanyiko mkubwa mdai hujulikana kwa hati aliyoijaza, na asipoijaza kwa wakati shauri lake laweza kufutwa. Wakili wake mwenyewe ana wateja mamia. Na kwa kuwa hakuna jaji awezaye kusikiliza laki moja, shinikizo lote huelekea kwenye suluhu, ambamo maumivu hutiwa katika madaraja na kulipwa kwa jedwali. Tazama shauri la nyonga bandia za chuma aina ya ASR, zilizotengenezwa na DePuy na kurudishwa mwaka 2010, ambalo lilikusanywa Toledo katika Ohio: suluhu ya mwaka 2013, ya takriban dola bilioni 2.5 kwa watu wapatao 8,000, iliweka kima cha dola 250,000 kwa kila aliyelazimika kupasuliwa tena, kisha ikapunguza kwa mvuta sigara, kwa mnene na kwa mzee. Fedha si haba, na wengi walizihitaji. Ila mzee yule hakupata kuulizwa na mtu yeyote namna alivyokuwa akipanda ngazi za nyumba yake kabla ya kupasuliwa.

Kwa hiyo nasema tukusanye matendo ya mdaiwa, tusiyakusanye maumivu ya mdai. Sheria ya 1968, kwa maneno yake, haikukusudia vingine. Desturi ndiyo iliyoipinda, maana kati ya mashauri yanayohamishwa hivi, yanayorudi makwao ni machache mno. Jaji apimwe kwa mashauri aliyoyarudisha yakiwa tayari kusikilizwa, si kwa mashauri aliyoyamaliza.

Aprili 2019 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani iliwaamuru watengenezaji waache kuuza nyavu za kutibu kushuka kwa kizazi zinazopitishwa ukeni. Miaka karibu tisa ilikuwa imepita tangu fungu la kwanza kufika Charleston. Baadhi ya daawa zilizosalia hatimaye zilirejeshwa katika mahakama za makwao, na wenye nazo wakaanza kungoja upya.