KICHWA KIKIGONGWA, USISEME "AMEPONA"

Mtu ameanguka kutoka juu ya mwembe. Kichwa kimegonga chini. Anazimia kidogo, kisha anazinduka. Anaongea na kuomba maji. Watu wanasema, "Amepona." Wanampeleka nyumbani kulala. Asubuhi wanamkuta amekufa.

Kwa nini amekufa? Ndugu msomaji, sababu iko ndani ya fuvu.

Ubongo hupata chakula na hewa kwa njia ya damu. Damu hupita katika mishipa. Mingine hupita kati ya fuvu na ngozi inayofunika ubongo. Fuvu likipasuka, hasa juu ya sikio, mshipa unaweza kukatika. Damu huvuja ndani. Kwa nje huoni kitu. Lakini fuvu ni gumu kama chungu, halitanuki. Damu ikijaa, ubongo hubanwa. Ukibanwa sana, mgonjwa huacha kupumua.

Je, mshipa huo hutengenezwa? Ndiyo. Daktari hupiga picha ya kichwa kwa mashine. Akiona damu, hufungua fuvu, huondoa damu iliyoganda, na kuuziba mshipa uliokatika. Tanzania kazi hiyo hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1996, na katika hospitali nyingine kubwa.

Mishipa mingine ni myembamba kuliko unywele. Daktari hawezi kuishona. Hiyo mwili wenyewe huitengeneza na kuotesha mipya. Kazi hiyo huchukua majuma mengi. Kwa hiyo mgonjwa akirudi nyumbani apumzike, wala asinywe pombe.

Lakini daktari hawezi kumsaidia mtu aliyefichwa nyumbani. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi 29. Ilionekana kuwa dawa ya kupunguza kutoka damu huokoa maisha ya baadhi ya watu walioumia kichwa, ikitolewa ndani ya saa 3. Basi saa za kwanza ni za thamani.

Mwahishe mgonjwa ukiona dalili hizi:

1. Kichwa kinazidi kuuma.
2. Anatapika.
3. Anasinzia sana au anaropoka.
4. Mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine.
5. Mkono au mguu wa upande mmoja umelegea.
6. Anapata degedege.
7. Damu au maji yanatoka sikioni au puani.

Aliyezimia, hata kama amezinduka, apelekwe zahanati bila kungoja dalili hizo. Mkimbeba, shingo yake isipinde. Msimkande kichwa. Msimpe chakula wala aspirini, kwa sababu aspirini huzidisha kutoka damu.

Nawe unayepanda pikipiki, vaa kofia ngumu na ufunge mkanda wake. Ni rahisi kulinda mshipa kuliko kuuziba.