Saa Tatu ya Bibi na Saa Tatu ya Mjukuu

Karatasi niliiandika kwa mkono wangu na kuibandika mlangoni mwa friji: "Sindano ya Mama, saa 3 usiku, yuniti 18." Mtu aliyelelewa na Mzanzibari hahitaji kufafanuliwa. Saa tatu usiku Isha imeshasaliwa, watu wameshakula, na Mama anataka kulala. Nikamwachia nyumba mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 19, nami nikaenda harusini Sohar.

Alfajiri ya Ijumaa simu ikalia. "Shikamoo Shangazi. Bibi hajaamka kusali."

Mama yangu hajakosa kuamka alfajiri tangu nimjue. Nikamuuliza yukoje. Akasema ameloa jasho, anatetemeka, anazungumza lakini maneno hayashikani. Nikamwambia achukue kipimo, atoboe kidole. Kipimo kikasoma 2.9.

Kwa wasiokuwa na mgonjwa wa kisukari nyumbani: sukari ikishuka chini ya 4 huo tayari ni mshuko wa kutibiwa. Mgonjwa akiwa anaweza kumeza, hupewa kiasi cha gramu 15 za sukari inayokwenda haraka, kama glasi ndogo ya juisi au vijiko vitatu vya sukari katika maji, kisha hupimwa tena baada ya dakika 15. Akiwa hawezi kumeza, hatiwi kitu mdomoni. Huitwa gari la wagonjwa. Mama aliweza. Juisi ya embe, dakika 15, 3.6. Juisi tena, 5.1. Hapo ndipo nilipopata akili ya kuuliza kilichotokea.

"Mbona nimefuata karatasi, Shangazi. Saa tatu nimemwamsha nikampiga sindano."

"Saa tatu ipi?"

"Tatu usiku. Niliweka alamu."

Nikakaa kitako kwenye ngazi za nyumba ya watu. Kijana huyu amezaliwa Maskati. Kiswahili chake ni cha jikoni kwa bibi yake, na saa yake ni ya shule na ya simu. Kwake tatu ni tatu. Kwetu sisi saa huanza kuhesabiwa jua linapochomoza na linapozama, kwa hiyo saa tatu usiku ni ile simu inayoiandika 21:00. Alamu yake ililia 03:00. Na Mama, ambaye jioni ile alikuwa peke yake sebuleni wakati mjukuu yuko mpirani, alikuwa ameshajipiga mwenyewe kwa saa yake ya Unguja. Alipoamshwa usiku wa manane akatoa tumbo akiwa nusu usingizini. "Nilidhani daktari kabadilisha," aliniambia baadaye.

Hospitali daktari alitaka uhakika kuwa ni dozi mbili kweli. Kilichotusaidia ni kalamu yenyewe. Kalamu ya insulini ina yuniti 300. Mama hupiga 18, na kabla ya kila dozi humwaga 2 hewani kuhakikisha sindano haijaziba. Jumla 20 kwa siku. Kalamu ile tuliifungua Jumamosi, kwa hiyo usiku wa Alhamisi ulikuwa wa sita na zilipaswa kubaki 180. Mistari ya pembeni ilionyesha karibu 160. Insulini ya Mama ni ile ya muda mrefu, inayofanya kazi karibu siku nzima, kwa hiyo walimweka chini ya uangalizi mpaka Jumamosi. Juisi mbili za alfajiri zisingetosha.

Kosa lilikuwa langu. Kijana alitii maandishi, na maandishi niliyaandika mimi.

Insulini ni peptidi, yaani mnyororo wa asidi za amino, 51 kwa hesabu. Ukiimeza, tumbo litaimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama ya pilau. Ndiyo sababu tangu ilipopatikana Toronto mwaka 1921 mpaka leo watu wanachomwa. Kidonge ukikisahau au ukikirudia mara nyingi mwili hustahimili. Insulini haina ustahimilivu huo. Ratiba yake lazima isomeke na mtu yeyote atakayekuwa zamu, mwenye Kiswahili cha Ng'ambo au cha Ruwi.

Sasa tuna daftari. La shule tu, la mistari, linakaa juu ya friji na kalamu ya wino imefungwa kwa uzi. Kila ukurasa una tarehe, sukari ya asubuhi, sukari ya kabla ya kulala, dozi, upande wa tumbo au paja (sehemu moja ikipigwa kila siku ngozi huvimba na dawa hainyonywi sawasawa), na saini. Saa inaandikwa 21:00, na pembeni, kwa ajili ya Mama, "tatu ya usiku". Anayepiga huandika sindano ikiwa bado mkononi. Haandiki akishakula wala kesho yake. Ikiwa hakuna saini na hakuna anayekumbuka, hatupigi kwa kubahatisha. Tunapima sukari na kumpigia daktari. Dozi moja iliyokosekana hupandisha sukari, nalo si jambo zuri, lakini dozi iliyorudiwa nimeshaiona ilivyo.

Nilitaka kwanza kufunga ratiba na sala. Mama mwenyewe ndiye aliyenikataza, akasema Magharibi ya Disemba si Magharibi ya Julai. Kweli, hapa pwani tofauti yake ni karibu saa moja na nusu. Sala inakumbusha, saa ndiyo inayoamua. Ramadhani ni habari nyingine kabisa: tunakwenda kwa daktari wiki kadhaa kabla, naye ndiye anayegeuza dozi. Daftari tunakwenda nalo, na mwaka huu alilipekua ukurasa baada ya ukurasa kabla ya kusema neno. Mwenye kufunga akipima akakuta sukari iko chini ya 3.9 anafungua papo hapo, na Mama, aliyebishana nami miaka juu ya hilo, sasa habishani.

Halafu joto. Qurayyat ni mji wa wavuvi, bahari mbele na milima nyuma, na watu hudhani upepo wa bahari unapoza. Tarehe 26 Juni 2018 kiwango cha chini kabisa cha joto hapa, usiku ukiwemo, kilikuwa nyuzi 42.6. Ilikuwa rekodi ya dunia. Karatasi ya dawa inasema kalamu iliyofunguliwa ikae katika joto la chumba, isizidi nyuzi 30, na ya Mama haitakiwi kuvuka siku 28. Aliyeandika "joto la chumba" hakuwa na chumba cha Qurayyat bila kiyoyozi. Kalamu mpya zinakaa ndani ya friji kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na sehemu ya barafu, kwani insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka. Kimbunga Gonu kilipoipiga pwani hii Juni 2007 tulijifunza kuwa friji ni friji umeme ukiwapo tu. Tangu hapo tuna kisanduku cha barafu, na kalamu ndani yake inazungushiwa taulo isigusane na barafu. Tukienda Unguja kalamu husafiri mkobani mwa Mama, kamwe si ndani ya sanduku la mizigo, na ile saa moja ya tofauti daktari wake alisema haimshughulishi.

Mdogo wangu wa Seeb, ambaye naye ana kisukari, anapiga semaglutaidi, peptidi ya mara moja kwa wiki. Alianza miligramu 0.25 kwa wiki nne, kisha 0.5. Nikadhani huko hakuna la kukosea. Akamwambia binti yake amwekee kikumbusho cha Jumatatu. Mtoto akahesabu kwa Kiarabu: tatu ni thalatha, basi ni siku ya thulatha, ambayo ni Jumanne! Sisi tunahesabu kuanzia Jumamosi, Waarabu kuanzia Jumapili. Hapo hakukuwa na madhara, dawa yenyewe inakaa mwilini muda mrefu, na ukichelewa ndani ya siku tano unapiga, zikipita unaiacha mpaka siku yako. Tulicheka. Nilicheka kidogo kuliko wenzangu.

Na kwa kuwa naulizwa: zile chupa za unga wa peptidi zinazouzwa kwenye simu, uchanganye na maji mwenyewe na upange dozi mwenyewe, kwangu haziingii. Kalamu ya Mama ina yuniti zilizopimwa kiwandani, daktari anayemjua, na daftari la kila siku, na bado tulikaribia kumpoteza kwa neno moja la karatasi.

Yule kijana kwa wiki kadhaa hakutaka kugusa sindano. Mama ndiye aliyemrudisha. Usiku mmoja alimwita, akampa kalamu na daftari mbele yangu. Akapiga, upande wa kushoto, akaandika 21:04 na saini yake.

"Soma," Mama akamwambia.

"Ishirini na moja na..."

"Kwa Kiswahili, mjukuu wangu."

Akaitazama saa ya ukutani, akahesabu kwa vidole. "Saa tatu na dakika nne, Bibi. Usiku."

"Haya. Kalete maji."