Nauli ya ndani ndiyo inayomaliza fedha

Mwulize wakala wa safari wa Nairobi itagharimu kiasi gani kupeleka familia Tanzania likizo ya Agosti, naye ataanza na tiketi ya kuvuka mpaka. Hiyo ni rahisi kuijua, na mara nyingi ndiyo ndogo. Fedha huanza kuyeyuka pasipoti zikishagongwa muhuri Namanga, Holili au Horohoro: basi la Arusha hadi Dar es Salaam, feri ya Unguja, teksi ya bandarini, gari la kuingia hifadhini, kisha njia hiyohiyo kurudi. Kila hatua huzidishwa kwa idadi ya vichwa.

Usafiri wa ndani wa Tanzania umekua ukitazama wateja wawili. Yupo mwananchi, ambaye nauli yake husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, na akipandishiwa hata shilingi mia hulalamika hadi bungeni. Yupo pia mtalii wa dola, aliyenunua kila kitu kwa mkupuo akiwa kwao na asiyeuliza basi la Moshi linaondoka saa ngapi. Katikati yao kuna mteja wa tatu ambaye wafanyabiashara wengi bado hawajamwekea bei wala dirisha lake: baba na mama wa Thika, Kisumu au Kampala wenye watoto, pasipoti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na bajeti ya mshahara.

Tuchukue familia ya watu watano, wazazi wawili na watoto wa miaka 14, tisa na mitatu, tuipitishe kwenye madirisha matatu ya tiketi.

Dirisha la kwanza ni la treni. Reli ya kisasa, SGR, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma mwezi uliofuata, na Novemba mwaka huohuo zikaongezwa treni za haraka ambazo watu wamezibatiza mchongoko kwa sababu ya pua zake. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa na LATRA ni shilingi 13,000 hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma. Jedwali lake linatenganisha daraja na umri, halina safu ya uraia. Mtoto wa miaka minne hadi 12 hulipa nusu, na wa chini ya miaka minne husafiri bure. Familia yetu basi inalipia watu wazima watatu (kwa reli, mwenye miaka 14 ni mtu mzima) na nusu moja: shilingi 45,500 hadi Morogoro, au 108,500 hadi Dodoma.

Kwa Mkenya hesabu hii inasomeka vizuri zaidi akiilinganisha na ya kwao. Madaraka Express ya Mombasa na Nairobi, iliyoanza 2017, ilipandisha daraja la kawaida kutoka shilingi 1,000 za Kenya hadi 1,500 Januari 2024, na sababu iliyotolewa ilikuwa bei ya mafuta. Treni ya Tanzania inatumia umeme. Hilo halimaanishi nauli yake haitapanda, ila bei ya dizeli duniani haina njia ya moja kwa moja ya kuingia kwenye tiketi yake. Tatizo lake kwa mtu wa likizo liko kwingine: Dodoma ni mji wa serikali, na baba hawezi kuwaahidi watoto majengo ya wizara. Thamani ya reli hii kwa utalii wa familia iko Morogoro, ambako ukishuka stesheni uko karibu na milima ya Uluguru na safari ya saa chache tu hadi hifadhi ya Mikumi. Nashangaa kampuni za usafirishaji hazijapanga magari ya kusubiri treni pale kwa bei ya pamoja, tiketi na gari katika risiti moja. Abiria wapo kila siku. Kwa sasa kila familia hujitafutia Noah nje ya geti.

Ukikata tiketi ya treni kwa simu, mfumo hukupa namba ya malipo yenye muda wake. Anayetegemea laini ya Kenya hujikuta anahangaika kupata mtu wa kumlipia Dar huku dakika zinayoyoma, na muda ukiisha kiti kinarudi sokoni. Kusajili laini ya Tanzania kwa pasipoti siku ya kwanza si anasa.

Dirisha la pili liko bandarini Dar es Salaam, kwenye feri za mwendo kasi za Unguja. Hapa ubao wa nauli una safu mbili, mkazi na asiye mkazi. Mkazi analipa kwa shilingi. Asiye mkazi, kwa muda mrefu sasa, daraja la kawaida limekuwa dola 35 kwa mtu mzima kwa safari moja. Mtu wa Mombasa hufika pale akaamkia kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha karani, akadhani mambo yamekwisha. Karani anamjibu kwa heshima zote, kisha: "Kitambulisho, kaka?" Uraia wa Jumuiya si ukazi. Mkubwa wa miaka 14 naye amerudi kuwa mtu mzima, kwa hiyo watatu hao peke yao, kwenda na kurudi, ni dola 210. Hata ukiihesabu dola kwa shilingi 2,500 unapata 525,000, bila mtoto wa miaka tisa. Watatu haohao wangekwenda Dodoma na kurudi kwa treni kwa 186,000. Bahari hiyo haifiki kilomita 80. Dodoma ni zaidi ya 400.

Sisemi feri ni ghali kwa hila. Boti hizo zinakula mafuta, na mtalii wa Ulaya ndiye anayefidia nauli ya muuza karafuu. Ila aliyepanga safu mbili hakumfikiria jirani. Tangu Oktoba 2024 kuna pia bima ya lazima ya dola 44 kwa wageni kutoka nje ya Tanzania wanaoingia Zanzibar, kwa hiyo jirani huyo asome masharti yake kabla ya kukata tiketi. Kwa familia yenye siku chache na mfuko mwembamba, ningeliuliza swali ambalo mawakala hawalipendi: lazima Unguja? Bagamoyo, Pangani na Tanga zina pwani ileile, na zinafikika kwa basi.

Dirisha la tatu ni geti la hifadhi, na hapa pasipoti ya Jumuiya inafanya kazi ambayo wengi hawaijui. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, lina kundi mahususi la raia wa Afrika Mashariki. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, Serengeti mtu mzima wa kundi hilo hulipa shilingi 10,000 kabla ya VAT, na mtoto wa miaka mitano hadi 15 shilingi 2,000. Yule wa miaka 14, aliyekuwa mtu mzima kwenye treni na kwenye feri, hapa amekuwa mtoto tena. Jumla ya familia ni shilingi 28,320 pamoja na VAT kwa siku. Familia ya umri uleule kutoka Ulaya, msimu wa juu, hulipa dola 70 kwa mzazi na 20 kwa mtoto, yaani dola 212 na senti kadhaa VAT ikiwemo. Punguzo la namna hiyo halipatikani kokote kwingine katika safari nzima, na bado ni nadra kuliona kwenye matangazo ya likizo yanayouzwa Nairobi. Mawakala wamezoea kuuza bei moja ya kifurushi kwa dola, na tofauti ya geti humezwa ndani yake. Ukinunua kifurushi, dai orodha ya ada mojamoja.

Ada ya geti si gharama yote ya hifadhi, lakini. Gari ndilo linalouma, na hapo kuna historia. Jumuiya ya zamani ilipovunjika 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, ukabaki umefungwa hadi 1983. Kivuko cha Bologonja, kati ya Serengeti na Maasai Mara, hakijafunguliwa tena kwa watalii. Makubaliano ya 1985 yaliweka utaratibu ambao hadi leo magari ya utalii ya nchi moja huwashusha wageni katika miji ya karibu na mpaka, wakapokewa na magari ya nchi nyingine. Ndiyo maana anayetoka Mara kwenda Serengeti huzunguka Isebania na Sirari, na anayekodi gari la utalii Nairobi lazima akodi jingine Arusha. Wapo wanaoutetea utaratibu huo kwa ajira za madereva wa Arusha, na hoja yao ina uzito. Kwa baba wa watoto watatu ni magari mawili kwa safari moja.

Anayekuja na gari lake binafsi yuko kwenye kundi lingine. Atahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaitambua ingawa si mwanachama wa COMESA, na vibali vya forodha mpakani. Atahitaji pia mguu mwepesi. Penye kibao cha 50 pana kijiji, na penye kijiji pana uwezekano mkubwa wa askari mwenye tochi nyuma ya mwembe. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, na barabara ya Chalinze hadi Segera ina vijiji vingi.

Mabasi ndiyo uti wa mgongo wa safari nafuu. Viwango vya LATRA vya Desemba 2023 ni shilingi 48.47 kwa abiria kwa kilomita daraja la kawaida, na 67.84 daraja la kati. Kwa kilomita 600 unapata takribani 29,000 na 41,000, na Arusha hadi Dar ni mia sita na kidogo. Ukitajiwa zaidi ya hapo na mpiga debe, omba tiketi ya kielektroniki iliyoandikwa daraja la basi, mazungumzo yatakuwa mafupi. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku, jambo linaloiokolea familia usiku mmoja wa hoteli, kama watoto wanalala garini. Punguzo la nusu kama la treni usilitegemee: anayekalia kiti hulipia kiti, na wa miaka mitatu husafiri bure akipakatwa. Konda atamtazama mtoto, atamtazama mama, atatazama viti vilivyobaki, ndipo aamue kama huyo ni wa kupakatwa.

Viti vinne vya daraja la kati vinafika takribani 163,000 kwa kilomita 600, na kwa masafa hayo hakuna gari la kukodi litakaloshindana. Mambo hugeuka safari ikiwa fupi. Moshi hadi Marangu, Arusha hadi Karatu, Morogoro hadi Mikumi: Noah ya kukodi huuzwa kwa gari, na watano wakiigawana, pamoja na mizigo na mtoto anayetaka kusimama kila baada ya nusu saa, mara nyingi inalipa. Kabla ya kuondoka mkubaliane mafuta ni juu ya nani, kwa sababu ugomvi wa jioni huanzia hapo. Noah haishuki kreta ya Ngorongoro. Huko ni gari la magurudumu manne, na ada ya kushuka hutozwa kwa gari. Kwa hiyo familia mbili zinazofahamiana zikijaza gari moja zinaigawana.

Ndege nitazipitia haraka. Fastjet ilipoingia Novemba 2012 ilitangaza nauli za kuanzia shilingi 32,000 kabla ya tozo, watu ambao hawakuwahi kupanda ndege wakapanda kwenda Mwanza. Ilisimama mwishoni mwa 2018. Tangu hapo anga la ndani limebaki kwa Air Tanzania, Precision Air na kampuni za ndege ndogo, na mtu aliyezoea Jambojet, inayouza tiketi nafuu Kenya tangu 2014, asitarajie mfano wake. Kwa vichwa vitano, ndege inaingia akilini Mwanza au Mbeya tu, na tiketi ikatwe mapema.

Tukirudi kwenye bei za dola, Machi 2025 zilitolewa kanuni zinazokataza kutangaza bei na kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Zitabadilisha alama iliyo mbele ya tarakimu. Safu mbili za bei zinaweza kubaki palepale, kwa shilingi.

Kalenda, kwa upande mwingine, inampendelea jirani. Shule za Kenya hufunga Agosti wakati za Tanzania ziko darasani, hivyo mabasi na treni hupumua ingawa hoteli zimejaa Wazungu. Isipokuwa wiki ya Nane Nane, maonyesho ya wakulima yakiwa Dodoma, treni huwahi kujaa. Likizo ya Kenya ya Aprili huangukia masika, bei za vyumba vya pwani zikiwa chini na barabara zikiwa na matope. Desemba ni ngumu kwa kila mtu, kasoro kwa anayetoka kaskazini. Kabla ya Krismasi Wachaga hupanda kwenda Moshi kwa maelfu, mabasi hujaa kutoka Dar na hurudi yakitafuta abiria. Mapema Januari mkondo hugeuka. Familia inayoingia kwa Holili ikaelekea pwani tarehe 22, ikarudi kaskazini tarehe 3, hupishana na umati mara zote mbili, na wakala wa basi wa Moshi atawapa viti vya mbele.