Kwa nini wahudumu wa afya mpakani hawavai sawa

Ebola ilipofika Goma Julai 2019, wasafiri wa Grande Barrière, mpakani Gisenyi, walipimwa joto na kunawa mikono kabla ya kuvuka. Tarehe 1 Agosti mpaka ulifungwa kwa saa chache. Wengi walijiuliza: mbona mpima joto anavaa vifaa vichache, na wabeba mgonjwa wanajifunika mwili mzima?

Ebola huambukiza kwa kugusa damu, matapishi au majimaji mengine ya mgonjwa, si kwa hewa kama Korona. Mpima joto hakugusi. Kipimajoto chake hakihitaji kugusa ngozi. Mbeba mgonjwa hugusa, hivyo huvaa glavu mbili, barakoa, miwani, vazi lisilopenya maji, aproni na buti.

Hatari kubwa ni wakati wa kuvua, maana nje ya vazi huenda pana virusi. Ndiyo sababu huvua hatua kwa hatua, mwenzake akimwangalia, na kunawa kwa maji ya klorini.

Dereva, utingo akiugua wakati wa mlipuko, usimbebe wala kumfuta matapishi. Simamisha gari, sogea kando, waite wahudumu. Ukimficha ili mzigo uvuke, wewe ndiye utakayemgusa bila glavu.