Maji Yenye Mafuta Hayaponywi kwa Kuchemshwa

Gonja ni nchi ya maji. Mto Hingilili huporomoka kutoka Milima ya Upare ya Kusini na kuingia katika tambarare inayotazama Mkomazi. Jirani yake, mto Yongoma hulisha mashamba ya mpunga ya Ndungu. Huko milimani Wapare walijenga ndiva za kuhifadhia maji na kuyagawa kwa zamu zamani sana, kabla hapajakuwa na idara yoyote ya maji. Leo kando ya maji hayo yamekuja mafuta. Pale ambapo kituo cha mafuta kiko mbali, petroli ya bodaboda huuzwa katika chupa kando ya barabara, dizeli ya mashine ya kusaga na ya pampu ya umwagiliaji huletwa kwa madumu, na mafuta ya taa bado yamo katika nyumba nyingi. Dumu la mafuta na dumu la maji hutoka katika duka moja, na mara nyingi ni dumu lile lile katika vipindi viwili vya maisha yake.

Sisi watumishi wa afya tumewafundisha wananchi kwa miongo mingi kwamba maji yenye shaka huchemshwa au hutiwa dawa. Fundisho hilo limeokoa maisha mengi na litaendelea kuokoa, kwa kuwa adui tuliyemlenga ni kimelea kinachokufa kwa moto na kwa klorini. Mafuta hayana uhai wa kuuawa. Mama anapofika zahanati akasema kisima chao kinanuka petroli, kisha akajibiwa “chemsheni,” jibu hilo, japo limetolewa kwa nia njema, linamwacha katika hatari aliyokuja nayo na kumwongezea nyingine.

Tazama kinachotokea jikoni. Petroli ina benzeni, ambayo huchemka kwenye nyuzi joto 80 hivi, kabla maji hayajachemka. Sehemu yake huondoka majini, naam, lakini huondoka ikiwa mvuke na kuingia katika mapafu ya mpishi na ya mtoto aliye mgongoni. Tabaka la petroli juu ya maji, likiwekwa kwenye mafiga, laweza kuwaka. Dizeli na mafuta ya taa nayo yana viambato vizito ambavyo huchemka kwa joto kubwa kuliko la maji. Hivyo hubaki sufuriani. Klorini haiviondoi, kitambaa hakivizuii, na mkaa wa jikoni uliopondwa haufanyi kazi ya ule mkaa maalumu unaotengenezwa viwandani kwa kuchuja kemikali.

Kiasi kinachohitajika kuharibu maji ni kidogo mno. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba benzeni katika maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 kwa lita. Lita moja ya petroli yenye benzeni asilimia moja tu inabeba karibu gramu 9 za kemikali hiyo. Ukipiga hesabu, benzeni hiyo yatosha kufikisha ukomo huo katika zaidi ya lita 800,000 za maji. Si kwamba yote huyeyuka na kusambaa sawasawa. Kiasi kingi huvukia hewani au hushikwa na udongo. Hata hivyo hesabu hiyo inaeleza kwa nini chupa moja iliyopinduka karibu na kisima si jambo la kucheka.

Pua ni kipimo cha kwanza, nayo ina mipaka yake. Harufu ya mchanganyiko wa mafuta huonekana mapema, na mtu yeyote anayeisikia majini ana sababu ya kutosha ya kuacha kuyanywa bila kungoja maabara. Lakini benzeni ikiwa peke yake haisikiki majini mpaka izidi kiwango kilichotajwa kwa mara nyingi sana. Tena pua huzoea. Familia inayochota pale kila siku inaweza kuwa ya mwisho kulalamika. Kwa hiyo harufu ikitoweka, hatujapata bado ushahidi wa usalama.

Kwa mfano wa kile kinachoweza kutokea, hatuna haja ya kwenda mbali. Ng'ambo ya Mkomazi na Tsavo, katika kaunti ya Makueni nchini Kenya, kuna mahali paitwapo Thange. Bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, linapita huko. Mwezi Mei 2015 iligundulika kwamba mafuta yalikuwa yakivuja na kuingia katika udongo, visima na mto ambao wakazi waliutegemea kwa kunywa, kunywesha mifugo na kumwagilia. Usafishaji ulianza, kesi ikafunguliwa, na mahakama ya Makueni iliamuru wakazi walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 3.8 za Kenya katika mwaka 2025. Miaka kumi! Mtoto aliyezaliwa mwaka wa uvujaji alikuwa amefika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Gonja haina bomba kama lile, na mwagiko wa dumu haulingani na uvujaji wa bomba. Ila mwendo wa mafuta ardhini ni ule ule.

Mafuta yakimwagika huzama katika udongo hadi yakutane na maji ya ardhini. Kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, huelea juu yake na kusafiri nayo kuelekea bondeni, huku sehemu yake ikiyeyuka polepole. Kiangazi maji yanaposhuka, mafuta hushuka nayo na kupaka chembe za udongo. Masika maji yanapopanda, huyagusa tena yale yaliyoshikwa, na harufu iliyosahaulika hurudi kisimani. Watu wasioujua mwenendo huu hudhani kuna mtu aliyemwaga upya, na pengine jirani asiye na hatia hushutumiwa.

Kwa walio mlimani, wenye maji ya mserereko, kuna jambo lisilojulikana sana. Mabomba ya plastiki yaliyofukiwa huweza kupenywa na viambato vya petroli kupitia ukuta wake bila kuwa na ufa wowote. Mafuta yakimwagika juu ya njia ya bomba, maji yaliyolala humo usiku kucha yanaweza kuamka na harufu. Bomba la namna hiyo haliponi kwa kusukumiwa maji mengi. Kipande hicho hukatwa na kubadilishwa, na udongo unaokizunguka huondolewa.

Sasa niseme kuhusu wagonjwa. Kunywa maji yenye mafuta kidogo kwa siku chache huleta kichefuchefu, kuumwa kichwa, kizunguzungu na kuwashwa ngozi kwa anayeyaoga, na dalili hizo kwa kawaida hutulia chanzo kikiondolewa. Hofu yetu kubwa ni ya muda mrefu. Benzeni hudhoofisha uboho, yaani kiwanda cha damu kilichomo ndani ya mifupa, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, hasa saratani ya damu. Mgonjwa mwenye upungufu wa damu usioelezeka, michubuko ya mara kwa mara au maambukizi yasiyoisha aulizwe pia maji yake hutoka wapi. Swali hilo halimo katika fomu zetu nyingi.

Dharura kubwa zaidi katika zahanati ni mtoto aliyekunywa mafuta ya taa au petroli moja kwa moja, kwa kuwa yalikuwa katika chupa ya soda. Mtoto huyo asitapishwe, wala asipewe maziwa, mafuta ya kula au maji ya chumvi kwa lengo la kumtapisha. Mafuta haya huua zaidi yakiingia mapafuni kuliko yakikaa tumboni, na kila tapishi ni nafasi nyingine ya kuyavuta kwenye njia ya hewa. Avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe ngozi kwa sabuni, apimwe kasi ya kupumua na kiwango cha oksijeni, na apewe oksijeni ikihitajika. Anayekohoa, anayepumua kwa shida au aliyelegea apelekwe hospitali mara moja. Asiye na dalili yoyote aangaliwe kwa muda usiopungua saa sita kabla ya kuruhusiwa, kwani picha ya mapafu ya mapema inaweza kuonekana safi. Dawa za viua vijasumu hazitolewi kwa kila mmoja, bali kwa mwenye dalili za maambukizi.

Mwagiko unapotokea, jambo la kwanza ni moto. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, na mlipuko ukaua watu zaidi ya mia moja. Hata kwa dumu la lita 20, wazimeni majiko na sigara, waondoeni watoto. Kisha zuieni mafuta yasifike mferejini kwa tuta la udongo, na myafyonze kwa mchanga, unga wa mbao au pumba za mpunga, ambazo Ndungu na Maore hazikosekani. Msimwage maji wala sabuni ya unga: sabuni huyavunja mafuta yawe matone madogo na kuyasukuma chini zaidi. Pumba zilizolowa zisirudi jikoni kuwa kuni wala zisipewe mifugo.

Udongo ulionuka huchimbwa mapema kabla ya mvua, hutandazwa juu ya turubai mbali na maji, na hufunikwa mvua inapotishia. Ukiwa wa dizeli, huchanganywa na samadi iliyooza na kugeuzwa kwa jembe mara kwa mara. Bakteria waliomo ardhini hula mafuta wakipata hewa, unyevu na naitrojeni. Kazi hii huchukua wiki nyingi au miezi.

Kisima kilichoguswa kifungwe siku hiyo hiyo, na hapa ndipo mganga mfawidhi na kamati ya maji wanapohitajiana, maana kufunga kisima bila kuonyesha pengine pa kuchota ni kuwarudisha watu pale pale gizani. Kisima cha jirani kisivutwe kwa pampu kwa nguvu, kwani kinaweza kuyaita mafuta upande wake. Taarifa ifike kwa mtendaji wa kijiji, afisa afya na RUWASA wilayani, na sampuli ya maji ipelekwe Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Sampuli ya mafuta huwekwa katika chupa ya kioo iliyojazwa hadi juu na kufungwa barabara, katika ubaridi. Chupa ya plastiki iliyoachwa nusu tupu huleta majibu ya kufurahisha yasiyo ya kweli. Jibu moja safi la kiangazi halifungui kisima. Kamba na ndoo vibaki vimeondolewa mpaka maji yapimwe tena masika yakiwa yamepanda.