Kiongozi wa Jumuiya Naye Huchoka



Sisi mafrateri tunapokwenda utume wa mwisho wa juma Kibaha na Kisarawe hupokelewa na watu walewale: mwenyekiti wa jumuiya, katibu wake, katekista wa kigango. Ni wachache na wanabeba mengi. Mwenyekiti wa Maili Moja huenda kazi yake iko Kariakoo. Anatoka nyumbani alfajiri, anarudi saa tatu usiku, na hapo ndipo simu inaanza kuita: fulani amefiwa, mchango wa ujenzi haujatimia, kuna mgonjwa anaomba Mpako. Vijijini Kisarawe hakuna foleni ya Barabara ya Morogoro, lakini kuna umbali. Palizi ya mihogo inasubiri, na kiongozi yuko njiani kwenda kusuluhisha ugomvi wa ndoa kijiji cha tatu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitaja uchovu wa namna hii katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa. Halikuuita ugonjwa, bali hali inayotokana na msongo wa kazi uliodumu bila kushughulikiwa. Dalili zake ni tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kujiona hufanyi lolote la maana. Shirika lilikuwa linazungumzia ajira, ila kwa tunayoyaona, anayejitolea bila mshahara naye hasalimiki.

Dalili ya pili ndiyo inayotutisha zaidi. Mtu aliyekuwa wa kwanza kufika msibani anaanza kusema, "Waumini hawa hawasaidiki." Watu humwona amepoa imani, na ushauri anaopewa ni mmoja tu: aongeze sala.

Sala ni ya lazima, hilo halina mjadala. Lakini tusome tena 1 Wafalme 19. Nabii Eliya amekimbilia jangwani, amejilaza chini ya mti na kuomba afe. Malaika hamkemei wala hampi kwanza kazi nyingine. Anampa mkate na maji, Eliya analala tena, kisha anaamshwa ale mara ya pili. Safari ya kwenda Horebu inafuata baada ya hapo.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, ambaye sisi wanafunzi wa falsafa hatupiti wiki bila kumkuta, ana swali zima kuhusu dawa za huzuni katika Summa Theologiae. Anataja furaha, machozi, huruma ya marafiki, kuutafakari ukweli, na mwisho kabisa usingizi na kuoga. Ndiyo, kuoga! Kwake mwili na roho ni mtu mmoja, hivyo kinachouburudisha mwili kinaigusa na roho. Na huko kuutafakari ukweli ndiko kukua tunakokusema: kiongozi asome Injili bila kutafuta cha kufundisha Jumamosi, aende mafungo ambayo si yeye aliyeyaandaa, ajifunze jambo ambalo hatatoa taarifa yake kwa mtu.

Hata hivyo, usingizi wa usiku mmoja hausaidii kama kesho mzigo ni uleule. Yethro aliliona hili alipomtembelea mkwewe Musa (Kutoka 18). Musa aliketi asubuhi hadi jioni akiamua mashauri peke yake. Yethro alimwambia kwamba watachoka wote, yeye na watu waliosimama foleni. Tusiisahau hiyo foleni: kiongozi asiyegawa kazi anawachelewesha hata anaowapenda. Dawa ikawa kuchagua wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na makumi, na Musa abaki na mashauri mazito.

Kanisa linalijua jambo hili kwa mapadre wake. Kanuni ya 283 ya Sheria za Kanisa inawapa haki ya likizo ya kutosha kila mwaka, na ya 533 inamruhusu paroko kuwa likizo hadi mwezi mmoja, siku za mafungo zisihesabiwe. Mwenyekiti wa jumuiya hana kanuni inayomhesabia siku zake. Itabidi wanajumuiya wenyewe wamwekee.

Tunapendekeza jambo dogo. Jumamosi moja kila mwezi makamu aongoze, mwenyekiti asije kabisa, na simu za misiba siku hiyo zipokelewe na katibu. Makamu ataanzisha wimbo kwa sauti ya juu mno, sala itachelewa robo saa, na mwenyekiti atakuwa nyumbani anakunywa chai na watoto wake.