"Hutakiwi kulipa": Kiswahili neno moja, Kiingereza maneno mawili

Mfanyabiashara wa Kahama amepeleka magunia ya mchele Kampala kupitia Mutukula. Mnunuzi anamtumia ujumbe: "You must not pay the driver." Anausoma na kuelewa kwamba si lazima amlipe dereva. Basi, kwa ubinadamu, anampa kidogo. Kumbe alikuwa anakatazwa: gari limeshalipwa lote, na dereva anajua. Hela hiyo hairudi.

Mfano huo ni wa kubuni, lakini wazoefu wa mpakani hawatauona mgeni. Wala kosa lenyewe si la uvivu wa kusoma. Mzizi wake uko katika Kiswahili. Mlinzi akisema "hutakiwi kuingia", anakataza. Karani akisema "hutakiwi kulipa, huduma ni bure", anasamehe. Kitenzi ni kile kile, na msikilizaji hupata maana kutokana na mahali na sauti. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo: "must not" ni marufuku, "do not have to" na "need not" maana yake si lazima, ukitaka fanya, usipotaka acha. Kinachotega watu ni kwamba "must" na "have to" zinapokuwa hazijakanushwa hukaribiana sana, zote ni "lazima". Zikikanushwa tu, kila moja inashika njia yake.

Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, anaweza kupata cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani bila kulazimika kutumia wakala wa forodha. Hilo ni la "do not have to": wakala hajapigwa marufuku, ila hakuna wa kumlazimisha mama wa maharage amlipe. Masharti ya afya ya mimea na usalama wa chakula ni habari nyingine. Huko maneno ni "must" na "shall", na hayana hiari.

Hiyo "shall" nayo imewaponza wengi. Shuleni ilifundishwa kama wakati ujao. Kwenye mkataba ni wajibu: "The seller shall replace damaged goods" haitabiri kwamba muuzaji atabadilisha mzigo ulioharibika, inamfunga abadilishe. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya wa mwaka 1999 umejaa neno hilo. Afrika Kusini, katika katiba yake ya 1996, ilichagua "must", na msomaji wa kawaida alipumua.

"Should" ni laini zaidi kuliko inavyosikika. "The truck should arrive on Monday" ni matarajio tu, hivyo mwenye nyanya asimwahidi mteja wake Jumatatu kwa maneno hayo. "Had better" ni kinyume chake. Inasikika kama ushauri wa "ni afadhali", lakini mdeni akiambiwa "You had better pay by Friday" ajue ameonywa. "May not" ndiyo ngumu kupita zote: ikitoka kwa ofisa, "You may not offload here" ni katazo, ikitoka kwa dereva, "We may not arrive today" ni "huenda tusifike leo". Hapo hakuna kanuni ya kukariri, ni kuangalia nani anasema na ana mamlaka gani.

Wakuu wa nchi waliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya, lakini ankara na mikataba mingi bado huja kwa Kiingereza. Na anayeandika kwa Kiswahili naye ana kazi yake: aandike "ni marufuku" au "si lazima", aiachie "hutakiwi" mazungumzo ya uso kwa uso.

Kwa ujumbe kama ule wa Kampala, jibu fupi linatosha kabla ya kutoa hata shilingi: "Not allowed, or not necessary?"